Namba ya kwenye bango: bei ya barabara ya Boston

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeshaanza kusema nimemezwa na baridi. Sijamezwa, ni zamu za usiku tu zimenibana. Leo nina siku mbili za mapumziko na nina deni la kulipa. Deni lenyewe ni la baba mdogo.

Mnakumbuka mwezi uliopita kwenye kundi letu la familia, baba mdogo alituma picha ya bango la mradi wa barabara. Lile la kawaida mnalolijua: jina la mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri, gharama, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Tarehe ya kumaliza ilishapita zamani na barabara bado vumbi. Chini ya picha akaandika: "Huko kwa wenzenu mambo kama haya hayapo. Wakisema bilioni tano, ni bilioni tano." Watu wakaweka alama za kukubali, wifi akaongeza kicheko, na mimi nikabaki naitazama simu.

Nilitaka kujibu palepale lakini jibu lilikuwa refu kuliko simu inavyoruhusu. Kwa sababu baba mdogo, mimi kila ninapotoka kazini napita ndani ya barabara ambayo ndiyo kinyume kabisa cha maneno yako. Ipo chini ya ardhi, katikati ya jiji la Boston, na wenyeji wanaiita Big Dig, yaani lile chimbo kubwa. Walisema bilioni mbili na ushei, ikaishia karibu bilioni kumi na tano. Za dola, si za shilingi. Na kwa miaka mingi waliojua hawakusema. Haya, kaeni vizuri niwasimulie.

Tuanze na barabara ya zamani. Miaka ya 1950 jimbo la Massachusetts lilijenga barabara ya juu, ya vyuma, ikipita katikati ya mji juu ya nguzo. Ilikamilika mwaka 1959. Ili kuipitisha walibomoa nyumba na maduka, na watu wapatao 20,000 walihamishwa. Iliwakata wakazi wa North End, mtaa wa Wataliano, wakawa kama wako kisiwani. Ilijengwa kwa ajili ya magari kama 75,000 kwa siku, lakini ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inabeba karibu 200,000. Foleni yake ilikuwa ya masaa. Sisi wa Dar tunajua foleni, lakini hawa walikuwa na foleni angani.

Alikuwepo mhandisi mmoja, Fred Salvucci, ambaye alikuwa waziri wa uchukuzi wa jimbo chini ya gavana Michael Dukakis. Bibi yake mzaa baba au mama, hilo si muhimu, alikuwa mmoja wa watu waliopoteza nyumba zao kupisha barabara nyingine kuu miaka ya 1960. Kwa hiyo Salvucci alikuwa na wazo la kujenga bila kubomolea watu: tuichimbie barabara hii chini, huku ile ya juu ikiendelea kutumika, na tukimaliza tuivunje ya juu. Yaani ni sawa na kumfanyia mtu upasuaji wa moyo huku anatembea kwenda sokoni. Juu ya hapo wajenge handaki jingine chini ya bandari kwenda uwanja wa ndege.

Makisio ya mwanzo yalikuwa kiasi cha dola bilioni 2.8, kwa thamani ya dola ya mwaka 1982. Shikeni hiyo namba, ndiyo namba ya kwenye bango.

Fedha nyingi zilitegemewa kutoka serikali kuu, maana kwa kawaida barabara kuu za kuunganisha majimbo zililipiwa na Washington hadi asilimia 90. Mwaka 1987 Rais Ronald Reagan aliikataa sheria ya barabara iliyokuwa na mradi huu ndani yake. Congress ikaipitisha bila yeye, na kule Seneti kura zilikuwa 67 kwa 33, yaani kura moja tu pungufu na mradi ungekwama. Ujenzi ukaanza mwaka 1991.

Sasa, kabla sijaanza kulaumu, niwe mkweli. Si kila dola iliyoongezeka iliibwa. Bei za vitu zilipanda miaka ishirini nzima. Njia ya kuvuka mto Charles ilipingwa na wananchi ikachorwa upya. Jimbo liliahidi treni na hatua nyingine za kulinda hewa na mazingira. Chini ya mji wa zamani kuna mabomba, nyaya, na udongo laini uliojazwa baharini enzi za mababu. Mtu mwenye akili timamu anaelewa kwamba namba ya mwaka 1982 haiwezi kubaki ileile. Tatizo si kwamba namba ilibadilika. Tatizo ni nani aliambiwa, na lini.

Katikati ya miaka ya 1990 viongozi wa mradi walikuwa wanawaambia wananchi kwamba mradi utagharimu bilioni 8, na uko ndani ya muda na ndani ya bajeti. Waliimba hivyo kila walipokutana na waandishi. Aliyejulikana zaidi kwa wimbo huo ni James Kerasiotes, aliyeongoza uchukuzi wa jimbo na baadaye akawa mwenyekiti wa Massachusetts Turnpike Authority, mamlaka iliyosimamia mradi.

Lakini Machi 2001 Inspekta Jenerali wa jimbo, Robert Cerasoli, alitoa ripoti iliyorudi nyuma kwenye makabrasha. Huyu si wa polisi, kazi ya ofisi yake ni kufuatilia ubadhirifu wa fedha za umma. Kwa mujibu wa ripoti yake, mwishoni mwa mwaka 1994 washauri wa mradi, Bechtel/Parsons Brinckerhoff, walikuwa wameshawaambia wakubwa kwamba gharama itafika karibu bilioni 13.8. Bilioni 13.8! Na gharama ya mwisho ilikuja kuwa bilioni 14.8. Maana yake ni kwamba miaka zaidi ya kumi kabla kazi haijaisha, kulikuwa na karatasi ofisini yenye namba iliyokaribia sana ukweli, na nje wananchi wanasomewa 8.

Je, 13.8 inageukaje kuwa 8 bila mtu kufuta tarakimu? Hapa ndipo nilipokaa na kusoma mpaka chai ikapoa. Hawakufuta kitu. Walihesabu kwa namna yao. Baadhi ya kazi zilitolewa nje ya orodha zikaitwa si sehemu ya mradi. Mfumuko wa bei wa miaka ijayo haukuingizwa. Punguzo ambalo walitarajia kulipata kwa wakandarasi lilihesabiwa kana kwamba limeshapatikana. Wakaguzi wa serikali kuu nao walikuja kuhoji jinsi faida ya mfuko wa bima ya mradi, faida itakayopatikana miaka mingi mbele, ilivyotumika kupunguza gharama kwenye vitabu. Kila hatua ukiitazama peke yake ina maelezo. Ukiziweka pamoja, mabilioni yamepotea machoni pa watu huku yanaendelea kutumika ardhini.

Niwaambieni jambo la kwangu hapa, maana bila hilo nitaonekana nahubiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini huku, nilikuwa na mgonjwa ambaye tulitakiwa kupima maji yote anayoingiza na anayotoa. Siku hiyo wodi ilikuwa moto. Saa nane mchana sikupima. Niliandika namba inayofanana na ya asubuhi, nikijiambia nitarekebisha baadaye. Muuguzi wa zamu iliyofuata, mama mmoja mtu mzima, alipima mwenyewe akaniita pembeni. Mgonjwa alikuwa ameanza kuvimba miguu. Aliwahiwa, hakupata madhara. Lakini yule mama aliniambia kitu ambacho sijakisahau: namba ya asubuhi haikuwa uongo asubuhi, imekuwa uongo saa nane. Nilikwenda mwenyewe kwa msimamizi nikasema. Nililia kwenye gari. Kwa hiyo ninaposoma habari za wale wakubwa sijioni malaika. Najua kabisa namba mbovu inavyoanza: unaogopa kusema leo kwa kuwa ungepaswa kusema jana.

Turudi kwenye barabara. Ukweli ulitoka tarehe 1 Februari 2000, pale viongozi wa mradi walipotangaza kwamba gharama imeongezeka kwa dola bilioni 1.4. Tangazo moja, siku moja. Gharama iliyokuwa imefikishwa bilioni 10.8 ikaruka hadi 12.2. Serikali kuu ikashtuka, maana wao ndio waliokuwa wanapitia mipango ya fedha ya mradi. Ikaundwa timu maalumu, na ripoti yake ikatoka mwisho wa Machi 2000. Ilisema viongozi wa mradi waliificha kwa makusudi nyongeza ile, na ikaliita jambo hilo moja ya uvunjaji mkubwa kabisa wa uaminifu katika historia ya karibu miaka 85 ya serikali kuu kusaidia majimbo kujenga barabara. Timu hiyo haikuwaacha hata maofisa wa serikali kuu wenyewe: waliambiwa walikuwa karibu mno na waliotakiwa kuwasimamia, wakaamini walichoandikiwa. Aprili mwaka huohuo gavana Paul Cellucci alimtaka Kerasiotes aondoke, naye akaondoka.

Kuna kipande ambacho wengi hukiruka. Mwaka 1999, wakati nyongeza ile haijatangazwa, zilikuwa zimeuzwa hati fungani, yaani watu na mifuko ya fedha waliikopesha serikali kwa ajili ya kazi hizi. Anayekopesha ana haki ya kujua hali halisi ya anayekopa. Kwa hiyo tume ya serikali kuu inayosimamia masoko ya hisa na hati fungani ikaingia kati. Mwaka 2003 ilitoa uamuzi dhidi ya ile mamlaka na dhidi ya Kerasiotes kwa kutowaeleza wakopeshaji juu ya ongezeko la gharama. Shauri liliisha kwa makubaliano, bila wao kukiri wala kukanusha.

Congress nayo ikafunga mkoba. Mwaka 2000 iliweka ukomo: serikali kuu haitatoa zaidi ya dola bilioni 8.549 kwa mradi huu. Kila senti inayozidi hapo ni ya jimbo lenyewe. Hapo ndipo mzigo ulipomwangukia mwananchi. Wanaolipa tozo barabarani wakabebeshwa sehemu. Shirika la treni na mabasi la Boston nalo likabaki na madeni ya miradi ya usafiri iliyoahidiwa kwa sababu ya barabara hii. Mwaka 2008 gazeti la The Boston Globe lilikokotoa kwamba ukijumlisha na riba, mzigo wote unafika kama bilioni 22, na deni halitaisha kabla ya mwaka 2038. Watoto wanaozaliwa wodini kwetu leo watakuwa shule ya sekondari ndipo hesabu ya barabara hii ifungwe.

Msije mkadhani ni habari ya pesa tu. Septemba 2004 ukuta wa handaki ulipasuka sehemu moja maji yakaingia barabarani, na ukaguzi ukaonyesha mahandaki yanavuja sehemu nyingi sana. Halafu usiku wa tarehe 10 Julai 2006 vipande vizito vya zege vya dari, tani kama 26, vilianguka juu ya gari la mke na mume waliokuwa wanaelekea uwanja wa ndege. Mke alifariki. Mume alitoka akiwa hai.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilichunguza na mwaka 2007 ikatoa majibu. Dari ile ilining'inizwa kwa bolti zilizogandishwa ndani ya zege kwa gundi maalumu, na gundi iliyotumika ilikuwa aina inayokauka haraka lakini inalegea taratibu chini ya uzito wa kudumu. Na sikilizeni hili: mwaka 1999 ilishaonekana kwamba baadhi ya bolti zilikuwa zinateremka. Zilirekebishwa zile zilizoonekana, chanzo hakikutafutwa ipasavyo, na baada ya hapo hakukuwa na utaratibu wa kuikagua dari. Mwaka 2008 kampuni za washauri wa mradi zilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 400 kumaliza madai ya serikali.

Siwezi kuwaambia kwamba aliyeficha namba ndiye aliyeangusha dari. Hayo ni mambo mawili na yana watu tofauti. Ila mimi mtu wa wodini naona yanafanana kwa kitu kimoja: kulikuwa na dalili, mtu aliiona, ikaandikwa kwa namna ambayo haimsumbui mkubwa.

Je, tulipata nini? Tulipata mengi, baba mdogo, na hilo lazima niseme. Barabara ya juu ilivunjwa, na pale ilipokuwa pamebaki bustani ndefu zinazopita katikati ya mji. Watoto wanacheza kwenye maji ya chemchemi wakati wa kiangazi. Daraja jipya la nyaya juu ya mto Charles ndilo lililo kwenye picha niliyowatumia Krismasi. Kutoka kazini alfajiri napita chini ya mji mzima kwa dakika chache. Wenyeji wengi wakiulizwa wanasema haturudi kwenye ile ya zamani. Ndiyo maana habari hii inaniuma: huenda watu wangekubali kulipa hata kama wangeambiwa ukweli mwaka 1994. Hawakupewa nafasi ya kukubali.

Kilichobadilika ni sheria. Tangu mwaka 1998 sheria ya barabara ya Marekani inataka mradi wowote wa dola bilioni moja na kuendelea uwasilishe mpango wa fedha kila mwaka: imetumika kiasi gani, imebaki kiasi gani, itatoka wapi. Baada ya kashfa ya Boston masharti ya kuandaa mipango hiyo yalikazwa, na mwaka 2005 kiwango kikashushwa hadi dola milioni 500. Neno kubwa hapo kwangu ni "kila mwaka". Namba inapimwa tena, kama joto la mgonjwa.

Na sisi nyumbani? Msinitupie mawe, sijakaa huku nikasahau. Tuna Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye Katiba yetu ibara ya 143 imempa kazi yake, na ripoti zake huwekwa mezani Bungeni. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwaka 2008 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi saba za majaribio ya mpango wa kimataifa wa uwazi katika ujenzi, unaojulikana kwa kifupi CoST, ambao kazi yake ni kuweka wazi bei ya mradi kabla ya mkataba na baada yake. Nchi nyingine kati ya hizo saba ilikuwa Uingereza. Wazungu waliingia darasa moja na sisi, baba mdogo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Huku si kwamba wakisema tano ni tano. Walisema 2.8 ikawa 14.8. Tofauti niliyoiona ni kwamba palikuwa na makabrasha yaliyotunzwa, na palikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuyafungua hata kama alichelewa. Leo hii mimi, muuguzi mgeni nisiye na cheo, naweza kusoma nani aliambiwa nini mwaka 1994. Yule mama kwenye gari hakurudi, na deni bado tunalipa. Lakini imeandikwa.

Ukipita tena pale kwenye bango, usipige picha tu. Nenda pale ofisi ya barabara ya mkoa, uulize kwa heshima kama unavyojua kuuliza wewe: hii namba ni ya mwaka gani? Imebadilika mara ngapi? Sasa hivi imefika ngapi? Wakikupa majibu, yaandike na tarehe. Wasipokupa, andika pia kwamba hawakukupa, na tarehe. Halafu tuma kwenye kundi, tutajadili.

Naomba kuishia hapa, usingizi umeanza kunidai. Msalimieni bibi, mwambieni dawa za presha azinywe hata siku anazojisikia mzima. Mungu awalinde.